Mashine Isiyo na Miguu

Mwezi uliopita tulimzika Erisa Mugoya, mzee aliyekaribia miaka mia, huko Budondo, na mimi nikasimamishwa niseme maneno machache. Sikuomba. Binti yake mkubwa alinijia pale nilipokuwa nimeketi chini ya turubai, akanishika mkono, akaninong'oneza kwamba marehemu alikuwa akinitaja mara kwa mara, kwamba ndiye aliyenifundisha ukarani nilipokuwa msichana, na kwamba familia ingefurahi kumsikia mwanafunzi wake. Mwanafunzi! Nusura nicheke mbele ya jeneza. Nikainuka na fimbo yangu, nikasema marehemu alikuwa mtu wa nidhamu na alifika kazini mapema kila siku, jambo ambalo ni kweli, nikaketi. Niliporudi nyumbani nilikuwa na hasira siku tatu nzima, wajukuu wakadhani ni huzuni. Huzuni gani? Erisa Mugoya hakunifundisha hata kuweka karatasi kwenye mashine. Tulikaa chumba kimoja tukichukiana toka asubuhi hadi jioni, na mpaka leo nikilisikia jina lake damu hunichemka. Kwa nini basi alikuwa akinitaja kwa wema, hilo nalijua peke yangu, maana mwenzangu aliyelijua nusu yake ndiye tuliyemfukia. Ya wazazi wangu, na nilivyotoka Mumias, na aliyenifundisha kupiga taipu, nayaacha. Nataka kuusema mwaka mmoja tu.

Ni mwaka wa hamsini na sita. Kampuni ilikuwa ya kununua na kuchambua pamba. Ofisi yake ilikuwa Jinja, ghorofani, juu ya duka la vitambaa la Mhindi, na stoo yake kuu ilikuwa Mbale. Ulipanda ngazi za mbao zilizonuka mafuta ya mbegu za pamba na uvumba wa Mhindi wa chini, ukaingia chumba chenye meza mbili za mvule, dirisha moja, na kalenda ya mwaka uliopita ambayo hakuna aliyejali kuishusha. Meza ya kulia ilikuwa ya Mugoya, karani mkuu, Msoga wa miaka hamsini hivi aliyevaa koti zito hata jua likiwa linapasua bati. Meza ya kushoto ikawa yangu. Nyuma yetu ulikuwa ukuta wa mbao nyembamba, na nyuma ya ukuta huo alikaa Meneja, Mwingereza aliyesikia kila kitu, na sisi tukamsikia pia. Siku ya kwanza nilimwamkia Mugoya vizuri, kwa adabu zote za kwetu. Hakuinua kichwa. Akasema, "Walisema wanaleta karani. Sasa hii ni nini?" Nikamjibu kwamba hii ni karani, na jina lake ni Rukia. Nilikuwa na miaka ishirini na moja, na ulimi wangu ulikuwa tayari ni mrefu kuliko umri wangu.

Meneja alinipa miezi mitatu ya majaribio. Mwisho wa miezi hiyo ningepewa ripoti ya kurasa tano niipige taipu, nakala nne kwa kaboni, bila kufuta, na iwe mezani kwake kabla ya chakula cha mchana. Nikifaulu, nathibitishwa kazini. Nikishindwa, narudi Mumias kulea watoto wa dada yangu, na kampuni ile isingethubutu tena kumwajiri mwanamke. Hilo la pili alilisema mwenyewe, akitabasamu, kana kwamba ananipa zawadi. Nilichukia tabasamu lile, lakini masharti niliyakubali kwa moyo mmoja. Kupiga taipu nilijua. Nilikuwa na kasi, na nilikuwa safi. Nilichokuwa sina ni mashine.

Taipureta niliyopewa ilikuwa na umri wa kunizaa. Herufi zake zilikuwa nzima, utepe wake mzuri, ila haikuwa na miguu. Chini ya taipureta huwa kuna miguu minne ya mpira, minene kama vizibo vya chupa, imekazwa kwa skrubu. Hiyo ndiyo inayoishika mashine juu ya meza. Yangu ilikuwa na matundu manne matupu. Ikawa kila nikifika mwisho wa mstari na kusukuma wenzo wa kurudishia karatasi, mashine nzima inateleza kwenda kulia, inakwaruza meza kwa chuma, inapiga kelele iliyowafikia mpaka wanunuzi wa vitambaa kule chini. Mashine ya namna hiyo inataka mikono miwili mizima: wa kushoto usukume wenzo, wa kulia uikamate isikimbie. Fanya hivyo kila mstari, kutwa. Jioni kiganja changu cha kulia kilikuwa kimevimba, na siku nilizochoka mashine ilihama mezani kwangu ikaelekea mezani kwa Mugoya kama inakwenda kumsalimu.

"Bwana Mugoya," nilimwambia wiki ya kwanza, "mashine hii inatembea."

"Inatembea inaenda wapi?" akasema. "Wewe unasukuma na nguvu mingi. Hii si kinu ya kutwanga muhogo."

"Haina miguu. Yako ina miguu?"

Akageukia karatasi zake. "Ya mimi iko sawa. Shika kazi yako."

Yake ilikuwa sawa kweli. Ilitulia juu ya meza kama imepigiliwa misumari. Sikuwahi kuinama kuitazama chini. Kwa nini niiname kutazama mashine ya mtu? Siku chache baadaye nilimsikia Meneja, kupitia ule ukuta, akiuliza msichana anaendeleaje, na Mugoya akajibu kwa Kiingereza chake cha misheni kwamba kelele ni nyingi na karatasi ni chache. Wakacheka wote wawili. Akufukuzaye hakwambii toka, nikajisemea, na tangu siku hiyo nikaacha kumwamkia.

Nikaanza kutafuta miguu. Kwanza niliweka taulo chini ya mashine. Taulo na mashine vikaondoka pamoja. Kisha nikamwendea fundi mmoja Kalasinga, nyuma ya kituo cha mabasi, aliyetengeneza magari na chochote kingine ulichomletea. Aliigeuza ile mashine juu chini, akaisikitikia kama daktari. "Mimi nakata, mama," akasema, "lakini mpira ya tyubu laini sana. Nakwambia mapema." Akakata vipande vya tyubu, akavigandisha kimoja juu ya kingine mpaka vikawa na unene wa kutosha, akavitoboa. Nilivifunga kwa furaha. Asubuhi yake mashine haikutembea, bali iliyumba. Kila herufi niliyoipiga ilijipiga mara mbili, barua ikaonekana imeandikwa na mlevi. Nikavifungua nikavitia mkobani. Mwisho nikanunua viatu vya tairi, vile Wasoga wanaviita lugabire, nikakata soli. Hizo zilishika. Siku mbili nilipiga taipu kwa raha ya mfalme. Siku ya tatu Mugoya alisogeza mashine yangu, akaona duara nne nyeusi zimechapwa kwenye mvule uliong'arishwa, na badala ya kunena nami akaenda moja kwa moja kumwita Meneja. "Tazama, bwana. Anaharibu mali ya kampuni." Meneja hakugomba sana. Alisema zile takataka zitoke, na kwamba stoo ya Mbale ndiyo kazi yake kutoa vipuri. Niende na barua. Mugoya akadakia haraka, "Mbale hakuna kitu. Asiende, atapoteza siku bure." Nilimtazama nikawaza: mtu huyu hataki hata nipande basi.

Kabla sijafika Mbale lazima niseme habari ya samaki. Sote wawili tulikula chakula cha mchana mle mle chumbani. Mimi nilikuwa na mandazi na chai ya chupa, au wali wa jana kutoka nyumba ya Walukuba nilikopanga. Yeye aliletewa sufuria kutoka kwake, matoke yamefungwa kwenye majani, na mchuzi. Kila ikifika saa ya kula aligeuza kiti chake akaelekea ukutani, akala amenipa mgongo. Wiki nyingi nilidhani ni dharau: kwamba mimi ni mwanamke, tena wa Kenya, tena Mwislamu, na macho yangu yatamtilia sumu kwenye matoke. Nilikuwa nikitafuna mandazi yangu kwa sauti makusudi. Basi siku moja walimletea ngege mzima, samaki wa Masese, na nikasikia bakuli likigonga sakafu. Samaki akateleza mpaka mguuni kwangu. Mugoya akageuka, akapiga goti amwokote, na hapo ndipo nilipouona mkono wake wa kulia. Vidole vitatu vilikuwa vimejikunja kiganjani na havikufunguka. Alijaribu kumshika samaki kwa kidole gumba na cha shahada, samaki akamponyoka mara mbili, mkono wote ukatetemeka mpaka begani. Akamwokota kwa kushoto. Mkono wa kushoto ulikuwa na mchuzi. Ndio aliokuwa akilia chakula muda wote.

"Unatazama nini?" akasema. "Kula yako."

Ningeweza kunyamaza. Sikunyamaza. "Kwetu," nikamwambia, "mtu mzima hali kwa kushoto."

Alirudi kwenye kiti chake, akageukia ukuta. Tangu hapo nikawa nikimtazama akipiga taipu, na nikaona ambacho sikuwa nimekiona: mkono wa kushoto ulikuwa ukifanya kazi yote, unaruka huku na huku kama kuku anayedonoa, na wa kulia ulikaa pembeni, kidole kimoja tu kikigusa herufi mbili tatu. Alikuwa ameficha vizuri. Sijui lilikuwa ni gonjwa gani, sikuuliza, na yeye hakumwambia mtu. Karani asiyeweza kupiga taipu hakuwa karani, na watu wa namna hiyo kampuni iliwapeleka getini wakahesabu malori. Mficha maradhi kifo humuumbua, lakini yule alikuwa ameyaficha mbele ya Meneja miaka, na nadhani angeendelea kuyaficha mpaka kustaafu. Nami sikumwonea huruma. Nasema kama ilivyokuwa. Nililiweka lile jambo moyoni kama mtu anavyoweka kisu kwenye droo.

Stoo ya Mbale ilikuwa na sheria moja, na ilikuwa imeandikwa mlangoni kwa herufi kubwa: kipya hakitoki ila kwa kurudisha cha zamani. Unataka balbu, leta balbu iliyoungua. Unataka kalamu, leta kalamu iliyokwisha. Mimi nilitaka miguu minne na sikuwa na hata mmoja mbovu wa kurudisha. Jumapili nzima, kabla ya safari, nilikaa kisimani Walukuba na vile vipande vya tyubu vya Kalasinga, nikavisugua kwenye saruji, nikavilowesha kwenye mafuta ya taa, nikavikanyaga vumbini, ili kitu kilichotengenezwa juzi kionekane kimezeeka kazini. Wanawake waliokuja kuteka maji waliniuliza nafanya nini. Niliwaambia ninafua.

Mtunza stoo aliitwa Mafabi, Mgisu mnene mwenye miwani. Nilimkuta anakula malewa, yale machipukizi ya mwanzi wa mlimani, kwenye mchuzi mzito wa karanga, na harufu yake ilijaza stoo yote. Nilikuwa nimetoka Jinja alfajiri bila kutia kitu kinywani. Hakunikaribisha hata kiti. Alikula mpaka akamaliza, akalamba vidole, akanawa, akafuta miwani, ndipo akanyoosha mkono. Nikampa barua na vile vipande vinne. Akavitazama, akakinusa kimoja.

"Dada," akasema, "hii ni tyubu."

"Ni miguu ya taipureta."

"Hii ni tyubu ya baisikeli na gundi. Mimi nakaa kwa hii stoo tangu wewe hujazaliwa. Sasa umetoka Jinja kuja kunifanya mujinga?" Akatoa mkebe wa biskuti chini ya kaunta, akaufungua. Ulikuwa umejaa miguu ya zamani, mamia, imepasuka na kupinda, mingine imeyeyuka ikawa kama ubani uliotafunwa. "Miguu ya kweli iko na pete ya shaba ndani. Unaona? Ile ya kwako pete iko wapi?"

Nilimwomba basi anipe minne kati ya ile mibovu, hata hiyo ingenifaa. Akasema kilichorudishwa hakitoki. Nikamwomba tena. Akasema hata akija Gavana na taipureta yake kichwani, kilichorudishwa hakitoki. Wapakuzi wawili waliokuwa mlangoni walicheka. Machozi yalinitoka, machozi ya hasira, na nadhani ni kwa kuchoka kunitazama tu ndipo Mafabi alipouliza namba ya mashine yangu. Akafungua daftari kubwa, akapitisha kidole chini, kikasimama.

"Lakini hii mashine yako ilishapewa."

"Imepewa nini?"

"Miguu. Mwezi wa kwanza. Mibovu minne imerudishwa, mipya minne imetolewa. Tazama mwenyewe."

Niligeuza daftari. Namba ilikuwa ya mashine yangu. Sahihi ilikuwa ya E. Mugoya, imeandikwa kwa mkono wa kushoto. Ilikuwa imelalia nyuma. Mwezi wa kwanza mimi nilikuwa bado Mumias. Nikaelewa mara moja, nimesimama pale na njaa yangu. Miguu ya mashine yake ilikuwa imeyeyuka ikaisha, kama inavyoyeyuka ya kila karani anayesafisha mashine kwa mafuta ya taa, na hakubakiwa na cha kurudisha. Basi akafungua miguu michakavu ya mashine iliyokuwa imekaa bila mtu, akairudisha Mbale kwa namba ya mashine ile, akapewa mipya, akaifunga kwenye yake. Kikulacho ki nguoni mwako. Wiki kumi na mbili nilikuwa nimeketi mita mbili kutoka kwenye miguu yangu mwenyewe. Nikamwomba Mafabi aniandikie hayo kwenye karatasi na kupiga muhuri. Alipenda ugomvi usiomhusu. Akaandika vizuri sana. "Ukirudi hapa na tyubu tena," akasema, "nitaandikia Meneja." Akanirudishia vipande vyangu kwa ncha ya rula.

Nikiwa ndani ya basi la kurudi nilikuwa na njia nyingi. Naziona leo kwa uwazi zaidi, lakini si kweli kwamba sikuziona siku ile. Ningeweza kumpelekea Meneja karatasi. Nilihofu angesema ngojeni nichunguze, na jaribio langu lilikuwa keshokutwa. Ningeweza pia kumwambia Mugoya: Mzee, nimejua, niazime kwa asubuhi moja, jioni nakurudishia. Wazo hilo lilinijia tulipokuwa tunapita Tororo, nikalifukuza kama nzi. Nilikumbuka kicheko nyuma ya ukuta, nikakumbuka duara nne nyeusi na kidole chake kikizionyesha. Nilitaka mashine yake itembee. Nilitaka aisikie ile kelele ikitoka mezani kwake.

Siku ya jaribio nilifika ofisini kabla ya mfagiaji kumaliza ngazi. Nilikuwa na bisibisi ya Kalasinga mkobani. Nikaipindua mashine ya Mugoya, na hiyo hapo, miguu minne myeusi, haina hata ufa, kila mmoja na pete yake ndogo ya shaba. Ilinichukua dakika kama kumi. Ilikaa kwenye mashine yangu kama imezaliwa nayo. Nikarudisha kila kitu mahali pake, nikakaa, nikakunja mikono.

Mugoya alikuja saa moja na nusu kama kawaida. Akatundika kofia, akaketi, akaweka karatasi, akapiga mstari mmoja, akasukuma wenzo. Mashine ikamteleza ikalia juu ya mvule. Akaigusa. Akainama akatazama chini yake, akainuka akanitazama mimi. Nilisimama nikaiweka ile karatasi ya Mbale, yenye muhuri, juu ya meza yake. Aliisoma mpaka mwisho, akaikunja, akaitia mfukoni mwa koti.

"Sawa," akasema.

Hilo tu. Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi, nilikuwa na majibu yake tayari, na nikabaki nayo kinywani.

Meneja akaniletea ripoti saa mbili. Wakati huo huo akampa Mugoya barua ndefu ya serikali iliyotakiwa kuwahi gari moshi la saa sita. Nikaanza. Sijui nieleze vipi raha ya mashine iliyotulia. Vidole vyangu vilikwenda vyenyewe, mistari ikarudi bila kelele, ukurasa wa kwanza ukatoka safi, wa pili ukatoka safi. Upande wangu wa kulia nilisikia mashine ya Mugoya ikiteleza, ikivutwa, ikiteleza tena. Alijaribu kuizuia kwa kiwiko. Alijaribu kuisogeza ukingoni na kuikinga kwa kifua, akapiga taipu amejipinda kama mtu anayefunga kamba ya kiatu. Nilimsikia akihema. Nilikuwa ukurasa wa nne mashine yake ilipoanguka. Ilianguka yote, na kengele yake ikalia sakafuni.

Meneja akatoka. Alitazama mashine, akamtazama Mugoya ambaye alikuwa amepiga magoti akijaribu kuinyanyua kwa mkono mmoja. "Tumia mikono yote miwili, bwana," akasema. Mugoya akazidi kuivuta kwa kushoto. "Mugoya. Hebu nionyeshe mkono huo." Alisema kwa sauti ya chini, bila ukali, na nadhani ukali ungekuwa bora. "Ufungue." Mugoya akautazama tu. "Ufungue, nimesema." Na Mugoya, mtu wa miaka hamsini, akiwa bado amepiga magoti, akasema, "Haufunguki, bwana."

Mimi sikuacha kupiga. Hayo yote niliyasikia huku vidole vyangu vinakwenda. Ripoti ilikuwa mezani kwa Meneja saa tano na robo, kurasa tano, nakala nne, bila kosa moja, na nikathibitishwa kazini. Nilifanya kazi ya ukarani miaka thelathini na moja baada ya hapo, na wasichana wengi walipanda ngazi zile nyuma yangu. Mugoya alipelekwa Masese, kwenye geti la ghala, aandike namba za malori kwa penseli.

Alikuja mwisho wa mwezi kuchukua vitu vyake: kikombe, rula, Biblia ya Kiganda. Nilikuwa peke yangu chumbani. Alivifunga kwenye gazeti, taratibu, kwa mkono mmoja na meno. Sikuinuka kumsaidia. Alipofika mlangoni akageuka, na kwa mara ya kwanza akaniita kwa jina.

"Rukia. Nataka kuuliza neno moja tu. Miguu nilichukua, hiyo ni kweli, mimi sibishi. Nilichukua mbele ya wewe kuja, sikujua kama kuna mutu atakuja. Baadaye niliona haya kusema." Akalihamishia lile furushi kwapani. "Lakini hii mukono yangu. Siku ile unafungua mashine, ulikuwa unajua?"

Alikuwa ananitazama moja kwa moja. Sijawahi kuona mtu anayetaka jibu moja kwa namna ile.

"Sikujua, Mzee," nikamwambia. "Wallahi sikujua."

Akashusha pumzi, mabega yakalegea ndani ya lile koti. "Basi. Kama hukujua, mimi sina neno na wewe. Mutoto hawezi kosea kitu hajui. Fanya kazi vizuri." Akashuka ngazi. Nilisikia nyayo zake mpaka chini, akimwamkia Mhindi wa vitambaa, na Mhindi akimwitikia.

Akakaa na jibu hilo miaka yote iliyobaki, akawasimulia watoto wake habari za msichana mwema aliyekaa naye chumba kimoja. Kuhusu ile miguu ya mpira sina toba, na atakayenihukumu anihukumu. Ilikuwa yangu kwa daftari na kwa muhuri. Lakini nilijua, Mzee Mugoya. Nilijua tangu siku ya samaki, na nilipokuwa nafungua skrubu ya mwisho asubuhi ile, nilikuwa nawaza mkono wako.